Kompyuta Iliyokataa Hewa ya Mtaa

Siku ya kuchagua, fundi alisogeza bakuli la sukari na chupa ya chai mpaka pembeni mwa meza ya kulia, akapanga kompyuta tatu za injini juu ya kitambaa cha plastiki, kila moja na mkia wake wa waya. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, alikuwa ameketi upande wa pili akipunguza nyuzi kwenye kifuniko cha kiti cha dereva. Alikuwa akizungumza kama kawaida yake, yaani neno moja, pumzi moja.

"Hii," alisema. Akavuta pumzi. "Ndogo." Akavuta tena. "Ni nini?"

"Huyo ni mwongo," fundi akamjibu.

Gari lenyewe lilikuwa chini, katika gereji iliyokuwa chini ya chumba chao cha kulala. Lilikuwa la milango miwili, bodi ya zamani waliyoinunua tupu mwaka walipooana, injini ya gari jingine, na tabo iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Tabo ni ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani. Mke alijenga kila kilichohusu chuma na waya, mume alishona kila kinachokaliwa. Majirani walipopita walikuwa wakiuliza litakwisha lini, nao walikuwa wakijibu litakwisha likiisha, wanacheka.

Siku hizi hawakucheka sana. Kifua cha mume kilikuwa kimedhoofika mpaka kupanda ngazi kuelekea chumbani kulimchukua muda wa kuchemsha chai. Daktari wa kliniki ya mtaa, ambaye mwenyewe alikuwa akiketi kila baada ya kutembea ukumbi mmoja, alimpima akasema mapafu yake yalikuwa kama ya mtu aliyepanda mlima mrefu akasahau kushuka. Walishangaa kidogo kwa adabu, maana mtaa wao ulikuwa bondeni na maji yote ya mvua ya mji yalikuwa yakiishia kwao. Daktari hakuwa na dawa. Mume alipotoka pale aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kulisikia gari lao likivuta barabarani, yeye akiwa ndani, kabla pumzi haijamwishia. Aliliomba hivyohivyo, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi.

Kwa hiyo uchaguzi wa kompyuta haukuwa jambo la kungoja.

Yule mdogo, Mwongo, alikuwa wa kubandikwa katikati ya sensa, kile kipimo cha injini, na kompyuta ya asili ya gari. Sensa ikileta habari, yeye huipokea, huipunguza au huitia chumvi, kisha huipeleka mbele, na kompyuta ya asili huongeza mafuta kwa nia njema kabisa. Mafundi wote wa mtaa walimpenda. Alifungwa haraka, na gari lilikwenda mpaka siku lilipokataa kwenda.

Wa pili fundi alimwita Mstaafu. Hiyo ilikuwa kompyuta ya asili yenyewe, imefunguliwa na kuandikwa upya, ikaondolewa makatazo yake. Ilijua injini tangu ilipotoka kiwandani. Shida ni kwamba ilizaliwa kabla ya tabo, na hewa ikizidi kiwango ilichozoea, ilianza kukisia.

Wa tatu alikuwa Mgeni. Mgeni hakujua kitu. Ilibidi afundishwe gurudumu la injini lina meno mangapi, cheche itoke lini, mafuta kiasi gani kwa kila pumzi. Alikuwa na masikio ya kusikiliza injini ikigonga, na ndani ya tumbo lake alikuwa na kipimo cha hewa kilichowekwa sawa huko alikotengenezwa, mbali, na ambacho hakuna fundi aliyeruhusiwa kukigusa. Aliyemuuza alisema, "Huyu hasemi uongo, dada, na wala haambiwi uongo. Ukimdanganya anakuzimia."

Fundi alianza na Mwongo, kwa sababu alikuwa na haraka. Injini iliwaka, ikakohoa moshi mweusi, ikapanda kwa shida kama mtu aliyebebeshwa gunia. Juu yake, chumbani, mume naye alikuwa akikohoa. Walipokezana hivyo jioni nzima.

"Mnaongea nini nyinyi wawili?" fundi aliuliza kwa sauti kutoka chini.

"Tunakusengenya," mume akajibu, kwa pumzi mbili.

Mstaafu naye hakufanya vizuri zaidi. Tabo ilizunguka mpaka ikalia, lakini nguvu haikuja. Plagi zilitoka nyeusi. Fundi alizipanga dirishani, akazitazama, akamfungua Mgeni kutoka kwenye karatasi yake.

Sasa, kila fundi wa mtaa ule alikuwa na desturi moja. Unapofunga sensa ya moshi, ile inayonusa ekzosi na kusema kama mafuta yamezidi au yamepungua, ni lazima kwanza uionyeshe hewa safi ili ijue pa kuanzia. Basi waliitoa nje ya dirisha ikining'inia kwa waya wake, kama mtu anayeanika soksi moja, wakabonyeza kitufe cha kuiambia: hii ndiyo hewa safi. Sensa ilikubali. Mabwana zao waliowafunza kazi walifanya hivyo, nao waliwafunza waliokuja. Kila gari lililotoka mtaa ule lilikuwa limefundishwa usafi wa hewa kwenye dirisha la mtaa ule.

Fundi alimning'inizia Mgeni sensa yake dirishani, akabonyeza. Mgeni alikataa. Kwenye laptopu yalitokea maneno machache kwamba hewa hiyo haitoshi kuitwa hewa, na kwamba mahali hapo pako mita elfu nne na mia mbili juu ya usawa wa bahari.

Alikagua nyaya. Akasugua mahali pa kufungia waya wa chini, akajaribu tena. Akampigia simu muuzaji.

"Uko wapi, dada?"

"Niko gereji."

"Gereji yenyewe iko wapi?"

"Bondeni."

"Basi muulize tena taratibu."

Alimuuliza tena taratibu, akapata jibu lilelile. Akambeba Mgeni pamoja na betri yake mpaka chumbani juu, na Mgeni akaongeza mita tatu, ambazo ndizo hasa zilizokuwa kati ya sakafu ya gereji na sakafu ya chumba. Hapo fundi akaridhika kwamba mashine ni nzima.

"Kwa hiyo tunakaa mlimani," alimwambia mumewe.

Mume alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza. "Ndiyo maana," alisema, akavuta pumzi, "chai haikolei."

Na kweli chai ya mtaa ule haikuwa ikikolea, kwa sababu maji yalichemka kabla hayajapata moto wa maana. Maharage yalikaa jikoni tangu asubuhi mpaka watu wakala mkate. Kiberiti kilitaka njiti tatu. Timu ya mpira ya mtaa ilikuwa ikishinda kila ilipokwenda ugenini, na wageni waliokuja kucheza kwao walikuwa wakilala chini kabla ya mapumziko wakitazama mbingu. Watu walikuwa wameyaona yote haya, kila mmoja jikoni kwake au uwanjani, na kila mmoja alidhani ni yeye. Shuleni watoto wao waliitwa wasinziaji. Kazini waliitwa wavivu, nao waliamini, wakajisukuma, wakachoka zaidi.

Kesho yake asubuhi mawingu yalikuwa chini.

Yalikuwa yametandaa kuanzia pale mtaro wa maji ulipokuwa ukikata kona, meupe, mapana, yametulia kama maziwa kwenye sufuria pana. Barabara iliingia ndani yake ikapotea. Mbali, ncha za minara ya mji zilichomoza, na ndege wadogo walikuwa wakiruka chini ya miguu ya watu. Anga ilikuwa ya bluu nzito, karibu nyeusi, na nyota chache zilibaki mpaka mchana. Tai mmoja alitua juu ya kibao cha jirani yao, fundi matairi, akakaa hapo. Fundi alisimama mlangoni na kikombe mkononi, moyo ukamjaa mpaka akasahau kunywa. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa nje ya nyumba yake.

Watu walikwenda kazini. Walishuka na mikoba yao wakazama ndani ya wingu mpaka kiunoni, mpaka mabegani, wakatoweka, na jioni walipanda tena, nguo zimelowa. Fundi matairi peke yake ndiye aliyelalamika. Gurudumu alilolijaza yeye lilifika chini limelegea, na lililojazwa chini lilipasuka likifika kwake.

"Lakini mandhari nzuri, shemeji," alimwambia mshona viti. "Huo ukweli tuuseme."

Mwanzoni mwa mtaa, nyuma ya ukuta uliopakwa chokaa, palikuwa na kiwanda cha kujaza mitungi ya hewa, ile inayokwenda hospitali na kwa wachomeleaji. Kilikuwa kiwanda kisafi kuliko vyote mjini. Hakikutoa moshi, hakikutoa maji machafu wala harufu. Kilikuwa na mnara mmoja mrefu wenye mdomo mpana unaotazama mtaani, na malori yaliyoingia na mitungi mitupu yakatoka na iliyojaa. Kwa kuwa hakikutoa chochote, hakuna aliyewahi kujiuliza kinachukua nini.

Siku hiyohiyo mume alianguka kwenye ngazi. Fundi na fundi matairi walimbeba mpaka kliniki, wakipumzika njiani kila baada ya nyumba chache, na daktari alikwisha kuwatayarishia kitanda maana aliwaona dirishani wakija na alijua watachelewa. Muuguzi akamvalisha kibarakoa kilichounganishwa na mtungi, akafungua.

Mshona viti alivuta mara moja. Uso wake ukarudiwa na rangi. Alivuta mara ya pili akafumbua macho, akavuta ya tatu polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hii hewa ya kwetu," alisema.

"Tulia, baba," muuguzi akamwambia.

"Ina gundi ya fundi matairi. Ina pasi ya dobi." Akavuta tena, akageuka kumtazama mkewe. "Na wewe umo. Ile sabuni yako ya kutolea grisi. Umo humu ndani, mke wangu."

Fundi alimtazama muuguzi. Muuguzi alikuwa akikunja shuka. "Mitungi yote inatoka pale kiwandani," alisema. "Wagonjwa wa mtaa huu husema hivyo kila mara. Kuna bibi mmoja alimkuta marehemu mumewe."

Mtungi haukuwa wake peke yake. Mgonjwa mwingine alikuwa akingoja kwenye benchi, na jioni walimvua mshona viti kibarakoa wakamrudisha nyumbani.

Fundi alikwenda kiwandani akiwa bado na ovaroli. Mhandisi aliyempokea alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, na chini ya kola yake kulikuwa na kijibomba chembamba kilichopanda mpaka puani. Alimkaribisha kiti. Fundi alimweleza habari za Mgeni, za mlima na za mtungi ulionuka gundi. Mhandisi alisikiliza yote bila kumkatiza, akafungua droo akatoa kipimo kizuri, akakiweka mezani. Kipimo kilionyesha kwamba hewa ya mtaa ilikuwa kamili.

"Mnakiweka sawa wapi?" fundi aliuliza.

"Hapa getini. Kila mwaka, kwa utaratibu."

Fundi aliona dirisha lake, na sensa zote alizowahi kuzining'iniza pale, na magari yote aliyoyafundisha, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hasira aliyokuja nayo ikakosa mahali pa kusimama, kwa maana kijana yule hakuwa akisema uongo.

"Umeona mawingu?" aliuliza mwishowe.

"Nimeyaona. Yanapendeza sana," mhandisi alisema. "Uongozi umefurahi kwamba mtaa umependeza."

"Na hicho kibomba?"

"Hiki ni cha wafanyakazi wa ndani, mama. Ni taratibu za kazini tu." Akamsindikiza mpaka getini, akamfungulia mlango.

Habari ilizagaa, na jioni mafundi wenzake walijaa gereji kumshauri, kama kawaida yao wanapoona kazi ya mwingine. Wote walikuwa upande wa Mwongo. Walimwambia Mgeni ni mkorofi, atamsumbua bure. Mfunge Mwongo, dada, akiambiwa hewa ipo ataamini, na gari litawaka. Fundi alikuwa akimenya waya kwa meno.

"Gari litawaka," alisema. "Mume wangu je?"

Akawaambia watoke, wanamziba mwanga.

Alimfunga Mgeni. Alimfundisha meno ya gurudumu, na noseli za mafuta, na cheche, kwa subira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu. Kisha akamwekea sharti moja: hewa inayotoka kwenye tabo iwe sawa na hewa ya pwani, si zaidi, si pungufu. Mgeni hakubisha. Baada ya tabo fundi alikata bomba la hewa akaliweka njia mbili, moja kwenda kwenye injini na ya pili kwenda juu, kupitia tundu alilolitoboa kwenye dari la gereji, ambalo ndilo sakafu ya chumba. Moshi wa ekzosi aliutoa uani. Akaziba nyufa za dirisha la chumbani kwa povu la viti.

Alipowasha, injini haikukohoa. Ilinguruma mara moja ikatulia, na tabo ikaanza kuimba, nyembamba, ikipanda, mpaka sauti ikawa safi kabisa. Huko juu pazia lilitanuka kama shati la mtu aliyenenepa. Mlango wa kabati ukajifunga wenyewe. Shuka ikajinyanyua kidogo kitandani, ikalala. Mume alikuwa ameketi ukingoni akiwa ameshika magoti, na hewa ikamjia miguuni, tumboni, kifuani, kama maji yanavyojaa ndoo. Aliinua kichwa. Fundi alipofika juu mbiombio, akitweta yeye, alimkuta amesimama.

"Mke wangu," mume alisema, "kuna mtu alikuwa amenikalia kifuani miaka yote hii na sasa hivi ameinuka akaenda zake bila hata kuaga, na nataka kukwambia kwamba ile rangi uliyoichagua ya viti vya nyuma siipendi, sikuipenda tangu siku ya kwanza, ila sikuwa na pumzi ya kubishana."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizozisema tangu augue. Fundi alikaa chini pale pale akalia. Mume aliendelea kusema mpaka jioni, akazungumza habari za nyuzi, za mama yake, za mechi za zamani, na usiku ulipoingia mwanamke aliyeitamani sauti ile kwa miaka akamwomba anyamaze kidogo walale.

Asubuhi mama wa nyumba ya pili alibisha hodi na mtoto mchanga mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya bluu iliyopauka, kama ya watoto wengi wa mtaa, na kila mtu alikuwa akisema amefuata ukoo.

"Nimesikia mna hewa," mama yule alisema. "Naomba akae kidogo tu, dada. Hana fujo."

Alimlaza kitandani, na midomo ikageuka kuwa ya waridi wakiwa wanaitazama. Baada ya hapo haikuwezekana kumkatalia mtu. Mshona viti, ambaye sasa alikuwa na nguvu za watu wawili, alikata reksini yote, ile ngozi bandia ya viti, akashona mabomba marefu, mshono mara mbili, akayapitisha ukutani kutoka dirisha hadi dirisha, mekundu, meusi na ya kahawia, kadiri vitambaa vilivyopatikana. Bomba moja alilipeleka kliniki, na daktari akatembea kumbi mbili bila kuketi. Majirani walileta petroli kwa madumu, kila nyumba zamu yake. Injini haikuzimwa mchana wala usiku, na mtu akipita mtaani alisikia tabo ikiimba na kuona mabomba yakipumua ukutani, na chini yake mawingu yametanda mpaka upeo wa macho. Kulikuwa na maharage yaliyoiva katika nyumba kumi na moja.

Lakini gari lilikuwa bado halijatoka gereji, na mume alikuwa ameomba kitu kimoja.

Majirani wenyewe ndio waliosema waende. "Zungukeni tu mrudi," fundi matairi alisema. "Tutafunga madirisha. Hatufi kwa mzunguko mmoja." Walifunga mafundo kwenye mabomba ili hewa iliyokuwa ndani isitoke, wakasimama milangoni kuwapungia mikono.

Walishuka. Barabara iliyokuwa tambarare maisha yao yote sasa ilishuka kwa mteremko mkali, gari likaingia ndani ya wingu, na kioo kikalowa. Kwenye skrini namba zilikuwa zikianguka: elfu tatu, elfu mbili, mia nane. Masikio yao yaliziba yakazibuka. Wakatoka chini ya wingu, na jua likawapiga usoni, jua zito la manjano, na miti ilikuwa na majani mapana ajabu. Penye njia panda Mgeni alisema wako mita kumi na nane juu ya usawa wa bahari na kwamba hewa ni kamili. Mbele yao kulikuwa na barabara ndefu, iliyonyooka, tupu.

Fundi alikanyaga. Kwa mara ya kwanza tabo ilipata hewa yote iliyoumbwa kuila, na gari likavuta. Lilivuta mpaka migongo yao ikazama kwenye viti, mpaka nguzo za umeme zikawa uzio mmoja, na sauti ilikuwa kama kitambaa kizito kinachochanwa kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Mume alikuwa akicheka kwa sauti ya chini, nene, ya kijana aliyemuoa. Fundi alipunguza mwendo, akasimama pembeni, akazima. Hawakuwa wamezima injini ile tangu ilipowaka. Kimya kilikuwa kikubwa.

Mume alifungua mlango akashusha miguu kwenye majani. Alivuta pumzi bila bomba, bila kibarakoa, akaitoa. Akavuta nyingine. Fundi alimtazama bega lake likipanda na kushuka na hakutaka kitu kingine chochote duniani.

"Kiti cha nyuma kimekaa chini," mume alisema bila kugeuka. "Umepakia nini?"

Hakuna namna ya kumficha mshona viti jambo la viti. "Nguo zako," fundi alisema. "Na cherehani. Na sufuria mbili."

Mume alitikisa kichwa polepole. Alivuta pumzi kadhaa. Kisha akauliza lile ambalo fundi alikuwa akimwomba Mungu asiulize.

"Mtoto anavuta nini saa hizi?"

"Wamefunga madirisha."

"Itawatosha mpaka lini?"

Fundi aliangalia usukani. Alikuwa akijua jibu mpaka nusu ya dakika, kwa kuwa hesabu ya hewa ya kila chumba yeye ndiye aliyemfundisha Mgeni. Alitaka kusema kwamba watu wahame, lakini wengine walikuwa na nyumba pale na wengine makaburi, na wengine kazi yao ilikuwa kupakia mitungi ileile. Alitaka kusema, wewe ndiye mume wangu, hao ni majirani. Alimpenda sana na wakati huohuo alimchukia kwa kuuliza.

"Ngoja nishibe kidogo," mume alisema.

Alikaa pale mlangoni, miguu kwenye majani, akavuta hewa ile kama mtu anayekula chakula cha safari. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Fundi alizunguka gari akaketi chini karibu na miguu yake, akaegemea goti lake, wakapumua pamoja. Magari mawili matatu yalipita.

"Haya," mume alisema. "Geuza."

Walirudi wakapanda ndani ya wingu. Walipofika mtaani watu walikuwa wamelala sakafuni karibu na mabomba, wenye mafundo mikononi, na tabo ilipoanza kuimba waliinuka mmoja mmoja wakasema karibuni, vipi huko, linakwenda? Linakwenda, fundi akasema. Usiku huo aliingiza jeki chini ya gari akatoa magurudumu yote manne akampa fundi matairi, ili mguu wake usije ukamshawishi siku nyingine. Gari likabaki juu ya mawe.

Kiwanda kilipata tuzo ya usafi. Kilijenga mnara wa pili, wenye mdomo mpana zaidi, na wakazi wote walialikwa kwenye uzinduzi. Wengi walikwenda, kwa kuwa iliahidiwa kwamba ndani ya mahema kutakuwa na hewa. Mhandisi aliwasalimu kwa majina na kuwaonyesha kipimo, nacho kilisoma vizuri.

Siku iliyofuata mume alikuwa dirishani akishona bomba jipya. "Mke wangu," aliita, "njoo uone. Leo bahari inaonekana."

Fundi alipanda akasimama nyuma yake. Mawingu yalikuwa yameshuka zaidi, na mbali sana, kupita minara, kupita milima mingine ambayo hawakuwahi kujua ipo, kulikuwa na mstari wa bluu uliopinda na kumetameta. Vijipande vya barafu vilianza kuanguka, vyepesi, vikikaa juu ya mabomba ya reksini bila kuyeyuka. Mtaa mzima ulikuwa umetoka milangoni, unatazama.

"Inapendeza," alisema, na ilikuwa kweli. Akambana bega, kisha akashuka kwenda kuongeza hewa.